Misumari, mizani na kisanduku cha kodi: uchambuzi wa kisa cha duka moja la Kamukunji

Duka liko Kamukunji, Nairobi, hatua chache kutoka kwa mafundi wa jua kali wanaofua masufuria na masanduku ya bati. Linauza vifaa vya ujenzi kwa jumla na rejareja: misumari kwa kilo, waya wa kufungia vyuma, mabati, makarai, koleo. Bohari iko Industrial Area, upande wa Lunga Lunga Road. Kaunta ni mbili, na risiti ni kama 300 kwa siku ya kawaida, karibu maradufu siku ya Jumamosi. Mashine zote zinaendesha Debian, mfumo huria wa Linux. Mauzo yanapitia programu huria ya mauzo na stoo yenye leseni ya GPL toleo la 3, ile inayomtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake, iliyoandikwa kwa lugha ya Python juu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Wanaoitunza ni wasanidi wawili wa kandarasi, lakini msimbo wa msingi una mikono ya watu 14 kutoka nchi mbalimbali, na kila mmoja wao bado ana hakimiliki ya kipande alichoandika. Idadi hiyo ya watu 14 itatusumbua baadaye.

Mwenye duka alileta maombi manne kwa mpigo mmoja. Programu izungumze na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Ipokee malipo ya M-Pesa yenyewe, karani aache kunakili namba za meseji kwa mkono. Isome uzito moja kwa moja kutoka kwenye mizani ya misumari, kwa kutumia maktaba ya programu iliyokuja na mizani kwenye CD. Na ijisawazishe saa zote na programu ya hesabu ya mkaguzi wa nje, ambayo ni ya kununuliwa na msimbo wake hauonyeshwi mtu.

Kwa mbali maombi haya yanafanana: programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi, inaombwa ishikane mkono na programu iliyofungwa, ambayo msimbo wake umefichwa. Ukiyasogelea ni mambo manne yasiyo na udugu, na jibu la moja ukilibeba hadi kwa jingine unaharibu. Wapo wanaosema kilichofungwa kisiguswe hata kwa kijiti. Wapo wanaosema mteja akitaka, apewe. Kila upande una visa vyake vya kuonyesha. Kwa maoni yetu swali lenye kazi ni jingine: siku kile kilichofungwa kikizimwa, kikipandishwa bei au kikibadilishwa masharti, ni nani atakayebaki amesimama? Kiolesura kinachoacha programu huria imesimama kijengwe, tena kijengwe vizuri. Kinachoifanya iwe kiti cha magurudumu kinachosukumwa na mwingine kisijengwe, hata kama leseni inaruhusu.

Leseni inasema nini hasa

GPL haikatazi programu kuzungumza na programu iliyofungwa. Inachopima ni kama zile mbili zimegeuka kuwa kazi moja. Maelezo ya Free Software Foundation, wenye leseni hiyo, yanajulikana: programu mbili zinazowasiliana kwa soketi, kwa paipu au kwa hoja za mstari wa amri kwa kawaida ni programu mbili tofauti. Zikiunganishwa kuwa faili moja la kuendeshwa, au zikikaa katika eneo moja la kumbukumbu na kuitana fanksheni moja kwa moja, ni kazi moja. Katikati kuna ukungu: hata kwa soketi, programu mbili zikibadilishana miundo yao ya ndani kwa undani wa kupita kiasi, mtu anaweza kudai kuwa ni moja iliyokatwa kwa ujanja tu.

Wengi hukosea hapo penye matumizi ya ndani. Duka likiunganisha msimbo wa GPL na maktaba iliyofungwa kwenye mashine zake lenyewe, bila kumpa mtu mwingine, halijavunja kitu. Kifungu cha 2 cha toleo la 3 hata kinaruhusu duka kuwapa wasanidi msimbo ili waufanyie marekebisho kwa ajili ya duka hilo pekee. Lakini wasanidi hawa wanataka kiunganishi kilekile wakitoe kwa umma na kukipeleka kwa wateja wengine. Huko ni kusambaza, na anayesambaza anadaiwa msimbo chanzo wa kazi nzima, pamoja na wa ile maktaba ambayo hana. Njia ya kutokea ni ruhusa ya nyongeza chini ya kifungu cha 7, na ruhusa hiyo hutolewa na wenye hakimiliki. Hapo ndipo wale watu 14 wanaporudi. Akikosekana mmoja, amehama, hajibu barua pepe, au hataki tu, ruhusa haipo.

Ukali huu umewahi kuzaa matunda. Mwaka 1992 Bruno Haible alitaka CLISP, programu yake ya lugha ya Lisp, itumie maktaba ya GNU Readline iliyo chini ya GPL. Mabishano yaliisha kwa CLISP yenyewe kutolewa kwa GPL. Lakini ukali una bei pia. Kwa miaka mingi GCC, programu ya GNU inayokusanya msimbo kuwa faili la kuendeshwa, haikuwa na mlango wa programu-jalizi, kwa hofu kwamba kampuni zingening'iniza vipande vilivyofungwa kwenye kikusanyaji huria. Mlango ulifunguliwa katika GCC 4.5 ya mwaka 2010, baada ya masharti ya maktaba zake kurekebishwa mwaka 2009 ili kuziba mwanya huo. Wakati huo LLVM, mshindani wake, iliyotengenezwa tangu mwanzo kama vipande vya kuchomekwa popote na isiyodai kitu kama hicho, ilikuwa imeshaota mizizi. Hofu ya watu wa GCC ilikuwa ya kweli. Walichelewa kutafuta dawa yake, basi.

Mizani: maktaba ya kwenye CD haikuhitajika

Tuanze na hili kwa sababu ndilo lililoonekana gumu na likawa jepesi kuliko yote.

Kwenye CD kulikuwa na DLL ya Windows ya biti 32 na faili moja la .so la Linux, yaani maktaba iliyokwisha kukusanywa, bila msimbo. Wazo la kwanza la kila msanidi ni kulipakia lile .so kutoka Python kwa ctypes, zana ya kuita maktaba za namna hiyo, na kumaliza kazi mchana huohuo. Matatizo ni mawili. La leseni tumeshalieleza: hiyo ni kuunganisha, na matokeo yake hayawezi kusambazwa. La pili ni la kiufundi na lingeuma mapema zaidi: faili lililokusanywa dhidi ya maktaba za mfumo za zamani linaweza kukataa kupakiwa siku Debian ikipandishwa toleo, na hakuna wa kulikusanya upya. Duka lingebaki limekwama kwenye toleo la zamani la mfumo mzima kwa ajili ya mizani ya misumari.

Mizani yenyewe, hata hivyo, ina tundu la pini tisa nyuma ya kionyeshi, lililoandikwa RS-232, njia ya zamani ya kutuma data kwa waya. Mizani ya namna hii husema uzito kwa herufi za kawaida. Kazi ni kusikiliza.

Utahitaji kebo ya RS-232 na adapta ya USB yenye chipu ya FTDI au CH340. Zote mbili zina kiendeshi ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Linux. Ichomeke, endesha amri ya dmesg inayoonyesha ujumbe wa kerneli, utaona ttyUSB0, jina la tundu hilo. Mtumiaji atakayesoma lazima awe kwenye kundi la dialout, na baada ya kumwongeza ni lazima atoke aingie upya, la sivyo utapoteza saa nzima ukitafuta kosa lisilokuwepo. Kisha weka kasi: stty -F /dev/ttyUSB0 9600 cs8 -parenb -cstopb raw, halafu cat /dev/ttyUSB0. Kwenye menyu ya mizani chagua kutuma mfululizo badala ya kutuma kwa kubonyeza kitufe.

Kama kimya kimetawala, waya za pini ya 2 na ya 3 huenda zimekaa kinyume. Tafuta kebo iliyovukishwa (null modem). Kama zinakuja takataka, kasi si hiyo: jaribu 2400, 4800, 19200. Kama maneno yanasomeka nusunusu na herufi za ajabu katikati, mizani inatuma biti 7 zenye pariti. Ukipatia, mistari inakuja mingi kwa sekunde, ya sura hii: ST,GS,+  12.50kg. ST maana yake uzito umetulia, US bado unayumba, OL umezidi uwezo wa mizani. GS ni uzito pamoja na chombo, NT ni bila chombo.

Sasa makosa. Mstari wa kwanza baada ya kufungua tundu hutupwa, kwa sababu mara nyingi umeshikwa katikati, na 12.50 iliyokatwa kichwa husomeka 2.50. Mteja anayetaka kilo 12 na nusu angelipia mbili na nusu, na hakuna mteja wa Kamukunji atakayerudi kukukumbusha. Usikubali uzito hadi upate ST mara tatu mfululizo zenye thamani ileile. Kwenye kaunta zenye mizani mbili, majina ttyUSB0 na ttyUSB1 hubadilishana umeme ukikatika na kurudi, na hilo Nairobi halisubiri mwaka. Adapta za FTDI zina namba yake kila moja, kwa hiyo kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayovipa vifaa majina, hutosha. CH340 kwa kawaida haina, basi tumia njia za /dev/serial/by-path na ubandike kibandiko kwenye tundu la USB ili mtu asihamishe kebo. Na kionyeshi chenyewe kisifunguliwe: mizani ya biashara ina muhuri wa ukaguzi chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513. Tundu la nje halina muhuri. Thibitisha kazi yako kwa jiwe la kilo 5 lililogongwa muhuri, asubuhi kabla ya kufungua, mara tatu kwa kila mizani.

Programu nzima ya kusoma iliishia mistari 120 hivi ya Python. Inasikiliza kwenye 127.0.0.1, anwani ya mashine yenyewe, na kutoa uzito wa mwisho uliotulia kwa anayeuliza. CD ikarudi kwenye boksi lake.

Kama kuna anayehofia sheria: kutazama herufi zinazotoka kwenye mizani uliyoinunua si kunakili kazi ya mtu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakwenda mbali zaidi, inaruhusu hata kufumua programu ili kupata taarifa za kuiwezesha kufanya kazi na programu nyingine. Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2012, katika kesi ya SAS dhidi ya World Programming, kwamba utendaji wa programu na sura ya faili zake za data havilindwi na kanuni za Umoja huo za hakimiliki ya programu za kompyuta. Samba, programu huria ya kushirikiana faili na mashine za Windows, ilizaliwa kwa kusikiliza waya namna hii: Andrew Tridgell aliianza Canberra kwa kuchungulia mazungumzo kati ya kompyuta na seva, na leo mashine za Linux zinaingia kwenye mitandao ya Windows bila mtu kushangaa. Kiolesura cha Samba ni mfano mzuri wa daraja lenye mwelekeo sahihi. Ofisi huanza na seva moja huria ndani ya mtandao uliofungwa, na siku ikitaka kuhama, daraja lipo tayari.

Kisanduku cha kodi

eTIMS ni jambo jingine kabisa kwa sababu kukataa hakumo. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kwenye hesabu ya kodi ya mapato, ukiacha zile ambazo sheria imezisamehe. Wateja wakubwa wa duka hili ni wakandarasi. Asiyewapa ankara ya eTIMS watamvuka waende mlango wa pili. Kwa hiyo yule anayesema programu huria isiguse kilichofungwa anamwambia mwenye duka atumie programu ya mauzo iliyofungwa nzima, kwa sababu ya kipande kimoja cha mwisho. Huo ni msimamo unaomfukuza mtu kutoka nyumba yenye dirisha moja bovu hadi nyumba isiyo na dirisha.

KRA inatoa njia mbili za kuunganisha mfumo na mfumo. OSCU iko upande wa KRA: kila ankara inatumwa kwa intaneti na kuidhinishwa papo hapo. VSCU ni faili la JAR la Java linalokaa kwenye mashine ya mfanyabiashara, likapokea ankara hapohapo na kuzipeleka KRA, na linavumilia intaneti ikipotea kwa muda. Hapa kuna utata wa kupendeza. OSCU haileti programu yoyote iliyofungwa ndani ya duka. VSCU inaleta. Mpenda uhuru atakimbilia OSCU bila kufikiri.

Duka hili, kwa ushauri wetu, lilichukua VSCU. Intaneti ya Kamukunji siku ya Jumamosi saa sita mchana haiaminiki, na foleni ya watu 20 wakisubiri ankara ni hasara inayoonekana kwa macho. Upande wa uhuru pia hoja haiko wazi kama inavyodhaniwa. Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huria, ameonya mara nyingi dhidi ya huduma zinazofanya kwenye seva ya mwingine kazi ya kompyuta ambayo ni yako. Lakini kusajili ankara kwa ajili ya kodi si kazi ya duka. Ni kazi ya KRA, ndiyo inayojua iandike nini kwenye daftari lake. Kisanduku cha VSCU ni kama mashine ya ETR, ile ya risiti za kodi, iliyokuwa ikikaa kwenye kaunta: karani wa serikali aliyewekwa dukani kwako. Humfundishi kazi yake. Unachofanya ni kuhakikisha haingii jikoni.

Kumzuia asiingie jikoni ni hatua mahususi. JAR inaendeshwa kama huduma ya systemd, msimamizi wa huduma wa Linux, chini ya mtumiaji wake mwenyewe, asiye na ruhusa ya kuingia kwenye mfumo, na ProtectHome=yes kwenye faili la huduma. Haipewi nenosiri la PostgreSQL. Kwenye nftables, ukuta wa moto wa Linux, kanuni ya meta skuid inamruhusu mtumiaji huyo kutoka nje kwenda kwenye anwani za KRA tu, na soketi yake inafikiwa kutoka mashine ileile pekee. Java yake ni toleo linalotajwa kwenye maelekezo ya KRA, si lile jipya lililokuja na sasisho la jana; lishikilie kwa apt-mark hold.

Katikati ya programu ya mauzo na JAR kuna kiunganishi, nacho ni huria. Kinasoma jedwali moja la foleni. Kanuni yake kuu: ankara inakamilika kwenye hifadhidata yetu kwanza, na namba yake, mistari yake, herufi ya daraja la kodi na kiasi chake, kabla ya kisanduku kuguswa. Jibu la kisanduku, yaani namba ya kidhibiti, sahihi na data ya QR, linaongezwa pembeni kama safu za ziada. Tukiamka kesho KRA imebadilisha kisanduku, kinachoandikwa upya ni mfasiri tu. Hilo si dhana: KRA ilianza na mashine za ETR, ikaleta TIMS mwaka 2021, kisha eTIMS mwaka 2023. Programu zilizokuwa zimeandika mauzo moja kwa moja katika sura iliyotakiwa na mashine ya zamani ndizo zilizolia.

Kosa linalorudi mara nyingi ni la senti. Bei za duka zina VAT ya asilimia 16 ndani yake, kwa hiyo kodi ya kila kitu ni bei mara 16 gawanya kwa 116. Chukua vitu vitatu vya shilingi 85. Kila kimoja kina kodi ya 11.7241, inayokadiriwa kuwa 11.72, mara tatu ni 35.16. Ukihesabu kwa jumla ya 255, unapata 35.1724, yaani 35.17. Senti moja imepotea na jumla za mistari hazilingani na jumla ya ankara. Chagua kukadiria kwa mstari, jumlisha yaliyokwisha kukadiriwa, na usihesabu jumla upya popote pengine, hata kwenye karatasi ya risiti. Tumia Decimal ya Python. Namba za float, zinazohifadhi desimali kwa kukadiria, zitakuletea kichaa cha aina yake.

Kosa la pili ni umeme kukatika kati ya kutuma na kupokea jibu. Mfumo unarudi, unaona ankara haina jibu, unaituma tena kwa namba mpya, na duka limetangaza mauzo mawili. Dawa: namba ya ankara inatolewa mara moja na haibadiliki kamwe; ukituma tena unatuma na namba ileile, na jibu la kwamba namba hiyo ipo tayari linahesabiwa kuwa mafanikio, kisha unavuta maelezo yake. Ankara iliyokosewa haifutwi. Inafuatiwa na hati ya kupunguza deni inayotaja namba ya ile ya kwanza.

La tatu limewakuta wanaojali nakala za akiba kuliko wenzao: seva inaharibika, wanarudisha nakala ya jana ya mashine nzima pamoja na folda ya VSCU, na kihesabu cha kisanduku kinarudi nyuma. Hifadhidata yako irudishe. Folda ya VSCU ikiwa nzima iache ilivyo. Ikiwa imekufa, omba kusajili kifaa upya.

Na la nne ni daraja la kodi la bidhaa. Herufi B ni asilimia 16, A ni isiyotozwa, C ni sifuri. Karani akiongeza bidhaa mpya na mfumo ukamwekea A kwa sababu ndiyo herufi ya kwanza kwenye orodha, hakuna kitakacholalamika hadi siku ya ukaguzi. Sanduku la kuchagulia lianze tupu na likatae kuhifadhi bila jibu.

M-Pesa

Hapa hakuna ubishi wa maana. Daraja, API ya Safaricom (mlango ambao programu nyingine huzungumzia na M-Pesa), iko upande wa pili wa HTTPS. Hakuna msimbo uliofungwa unaoingia dukani na leseni haiguswi. Mambo matatu yanatosha. Tokeni inaisha ndani ya saa moja, ihuishe kabla. Jibu la malipo linaweza lisifike kwenye anwani yako hata kama pesa zimeingia, kwa hiyo baada ya sekunde 60 bila jibu uliza hali ya muamala badala ya kumwomba mteja alipe tena. Na namba ya muamala iwe na kizuizi cha upekee kwenye hifadhidata, ili taarifa ikija mara mbili isihesabiwe mara mbili. Siri za paybill au till zikae nje ya hazina ya msimbo. Wasanidi wanaotoa msimbo wao kwa umma huzisahau humo kuliko wanavyokiri.

Programu ya mkaguzi

Ombi hili lilionekana dogo kuliko yote, na ndilo tulilolikataa.

Mkaguzi alitaka usawazishaji wa pande mbili, saa zote: akirekebisha ingizo kwenye programu yake, libadilike dukani. Kiufundi inawezekana. Kileseni pia, kwa kuwa mawasiliano yangepita kwa API juu ya mtandao. Tatizo ni kwamba baada ya miezi sita ukweli wa hesabu za duka ungekaa sehemu mbili, na sehemu moja ina mwenyewe ambaye si duka. Makarani wangezoea kwamba marekebisho hufanyika kule. Ripoti zingeandikwa kule kwa kuwa data ipo. Programu huria ingebaki kazi ya kuingiza tu, mlango wa nyuma wa nyumba ya mtu. Kisha bei ya usajili ipande, au API ihamishiwe kwenye kifurushi cha juu, na duka ligundue kwamba limehama bila kuhama.

Wasanidi wa kerneli ya Linux waliipitia njia hii. Tangu mwaka 2002 walitunza msimbo wao kwa BitKeeper, programu iliyofungwa waliyopewa bure kwa masharti. Mwaka 2005 Tridgell, yule wa Samba, aliunganisha na seva ya BitKeeper kwa telnet, njia ya kuandikia seva amri kwa mkono, akaandika help, seva ikamwonyesha orodha ya amri zake. Akaanza kuandika programu huria ya kuisoma, na mwenye BitKeeper akaondoa ruhusa ya bure. Aprili mwaka huohuo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaanza git, programu huria ya kazi hiyohiyo. Kerneli ilikuwa na Torvalds. Duka la misumari halina.

Badala yake mkaguzi anapata faili la CSV, jedwali la maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma, kila tarehe 3 ya mwezi: tarehe, namba ya ankara, akaunti, debiti, krediti, maelezo, namba ya kidhibiti cha kodi. Marekebisho yake anayaleta kama orodha ya maingizo, na karani anayaingiza dukani yakiwa na jina la aliyeidhinisha. Tarehe ziandikwe 2025-04-03, kwa sababu 03/04/2025 programu moja itaisoma Aprili na nyingine Machi. Hakuna koma ndani ya namba. Simu za wateja ziwekwe kwenye safu ya maandishi, vinginevyo jedwali la mkaguzi litakula sifuri ya mbele au kugeuza 254 ndefu kuwa 2.54E+11. Mkaguzi alilalamika kwa miezi miwili. Malalamiko yake yalikuwa ya haki: kazi yake imeongezeka kwa karibu nusu saa kwa mwezi.

Kilichotolewa kwa umma

Kwenye hazina ya msimbo kuna kisomaji cha mizani, kiunganishi cha eTIMS kama kifurushi cha pekee, kiunganishi cha M-Pesa, na kitoaji cha CSV. Kiunganishi cha eTIMS kimetengwa kwa sababu moja ya ziada: kuunganisha na KRA hupitia majaribio na idhini, na ukibadilisha skrini ya mauzo hutaki kugusa kipande kilichopimwa. JAR yenyewe haimo. Maelekezo yanasema inapatikana kwa KRA, na yanaeleza pia jinsi ya kuendesha programu nzima bila hiyo, kwa duka lililo nje ya Kenya au kwa anayejifunza. Ukiwasha bila kiunganishi, mauzo, stoo na ripoti hufanya kazi, na foleni ya kodi hujaa tu bila kupelekwa popote. Hilo linajaribiwa kila toleo: huduma ya VSCU inazimwa, ankara 50 za majaribio zinapigwa, huduma inawashwa kwenye mazingira ya majaribio ya KRA, na foleni inahesabiwa hadi ifike sifuri.

Ombi la tano lilikuja mwishoni, kisomaji cha alama za vidole cha mahudhurio ya wafanyakazi 11. Hicho hakina tundu la kusikiliza, data yake imefichwa, na mtengenezaji anataka ipite kwenye seva yake nje ya nchi. Alama za vidole zinaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na leseni ya programu si tatizo la kwanza hapo. Wafanyakazi bado wanatia sahihi kwenye daftari lililo kando ya mlango wa bohari.